Nani Kakupa Mamlaka? Historia Fupi ya Adabu za Kuandikiana

Mjini siku hizi kila mwenye simu ni mjumbe wa kamati zisizopungua tatu. Kuna grupu la ukoo, grupu la kamati ya harusi, grupu la tuliomaliza chuo pamoja, grupu la wapangaji, grupu la ofisini, na lile jingine la ofisini ambalo bosi hayumo. Kila grupu lina vituko vyake. Yupo anayetuma picha ya maua ya "asubuhi njema" saa kumi na nusu alfajiri. Yupo anayeleta taarifa ya msiba wa mtu ambaye jioni ile ile ameonekana akinunua chipsi. Yupo anayeandika KWA HERUFI KUBWA MWANZO MPAKA MWISHO kama mpiga debe wa daladala. Kisha siku moja uvumilivu unamwishia admini, anabandika kanuni za grupu, namba moja mpaka kumi na mbili. Dakika kumi baadaye watu watatu wameshajitoa, na wa nne anauliza: "Nani kakupa mamlaka?"

Swali hilo huulizwa kwa hasira, lakini ni swali zuri. Sisi waandishi wa habari tuna kaugonjwa ka kutaka kujua jambo lilianzia wapi, basi nikalichukua na kuanza kulifukua. Nilichokikuta ni kwamba nusu ya kanuni anazobandika admini wako ziliandikwa kabla mimi, na labda wewe, hatujazaliwa. Ziliandikwa na watu waliokuwa wakigombana kama tunavyogombana sisi. Na hakuna serikali wala kampuni iliyowatuma. Hili la mwisho ndilo ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, lakini tuanze mwanzo.

Mtandao wa ARPANET, ambao ndio mama wa intaneti, ulianza kufanya kazi mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Nia ilikuwa kompyuta za vyuo na vituo vya utafiti zisaidiane kazi. Kuandikiana hakukuwa kwenye hesabu. Mwaka 1971 mhandisi mmoja, Ray Tomlinson, akatengeneza njia ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Miaka miwili baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba karibu robo tatu ya shughuli zote za mtandao ule zilikuwa barua pepe. Wanasayansi walipewa mtambo wa mahesabu, wao wakaugeuza kijiwe. Binadamu ni yule yule.

Tarehe 7 Juni 1975 Steve Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika wakala wa ARPA, alianzisha orodha ya barua iliyoitwa MsgGroup. Ukituma barua moja, inawafikia wote waliomo. Hili ndilo babu wa grupu lako la harusi. Kazi ya kuitunza orodha ile iliangukia kwa Einar Stefferud: kuongeza majina, kupokea barua na kuzisambaza, kutuliza watu. Huyu naye ni babu wa maadmini. Mada yao kuu ilikuwa barua pepe yenyewe: iwe na umbo gani, jina la mtumaji likae wapi, nani apate nakala. Kwa hiyo walikuwa wakigombana kwa barua kuhusu namna ya kuandika barua.

Na waligombana kwelikweli. Wasomi wenye shahada zao, wanaoheshimiana wakikutana kwenye mikutano, walikuwa wakirushiana maneno makali kwenye orodha hadi yakapewa jina lake, miali ya moto. Sababu waliiona wenyewe mapema: maandishi hayana sauti wala uso. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji profesa wa kutueleza. Chukua neno moja tu, "haya". Likisemwa kwa sauti hii maana yake nimekubali. Kwa sauti nyingine ni tuondoke. Kwa nyingine ni "utajijua mwenyewe". Liandike kwenye skrini uone watu ishirini watakavyolisoma kwa namna ishirini.

Aprili 1979 mjumbe mmoja wa MsgGroup, Kevin MacKenzie, alipendekeza kwamba sentensi ya mzaha ifungwe kwa alama ndogo, kistari na mabano, kuonyesha kwamba msemaji anatania. Wengine walimcheka. Lakini Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, watu walikuwa wakitaniana kwenye ubao wao wa kompyuta kuhusu lifti ya chuo, na mzaha mmoja ulidai kwamba lifti imechafuliwa na zebaki. Wapo walioamini. Hapo ndipo Scott Fahlman aliposhauri kwamba mzaha uwekewe alama ya :-) na kisicho mzaha kiwekewe :-( ili watu wasitishane bure. Ujumbe wake ulikuja kufukuliwa kutoka kwenye kanda za zamani mwaka 2002. Kwa hiyo emoji unazomwaga leo kwa mafungu, tatu tatu, zina undugu na ugomvi wa lifti. Kabla ya kuwa pambo zilikuwa kanuni ya adabu.

Mwaka 1978 ulikuwa umeleta kosa la aina nyingine. Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alitaka kuwaalika watu wa California kwenda kuona mashine mpya. Badala ya kuandika barua moja moja, mwezi Mei alituma mwaliko mmoja kwa karibu watu 400 kwa mpigo. Anwani zilikuwa nyingi mpaka zikafurika na kumwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika, na ofisi ya jeshi iliyokuwa ikisimamia mtandao ikakemea, kwa kuwa mtandao ulikuwa wa shughuli za serikali, si wa biashara. Leo tendo lile linatajwa kuwa spamu ya kwanza duniani. Thuerk mwenyewe amekuwa akisema kwamba kampuni yake iliuza mashine za mamilioni ya dola kutokana na barua ile. Shikilia hapo, maana tatizo lote limo humo: anayevunja adabu hupata faida yeye, na gharama hulipwa na waliobaki.

Lakini ARPANET ilikuwa na mwenye nyumba wa kukemea. Je, pasipo na mwenye nyumba?

Jibu lilitafutwa kwenye Usenet. Mtandao huu ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, na kuanza kazi mwaka uliofuata. Ulikuwa mkusanyiko wa vijiwe vya mada mbalimbali, kila kompyuta ikipokea habari na kuipasia jirani. Haukuwa na makao makuu wala mwenyekiti. Hakuna aliyeweza kukufukuza mtandao mzima, kwa sababu mtandao mzima haukuwa wa mtu.

Walichofanya ni kuandika waraka wa kumpokea mgeni. Katika miaka ya 80 Chuq Von Rospach aliandika mwongozo wa namna ya kuishi na jamii ya Usenet, na mwongozo ule ukawa unabandikwa upya kila baada ya muda ili anayeingia leo aukute. Ukiusoma unakuta jambo la kwanza kabisa ni kwamba usisahau kuwa upande wa pili yupo binadamu. Mengine yanafuata: andika kwa ufupi, kuwa mwangalifu na kejeli, usijibu swali ambalo wenzako kumi wameshalijibu. Vijiwe vingi vikawa na karatasi yake ya maswali yanayoulizwa kila mara, ili wenyeji wasichoke na wageni wasiaibike. Wahenga wetu walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale jamaa walikuwa na jembe lililoandikwa.

Na wageni walikuwa na msimu. Kila Septemba, vyuo vya Marekani vikifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa akaunti na kuvamia Usenet kwa fujo zote za ujana. Wenyeji walilalamika, wakaelekeza, wakakemea, na baada ya wiki kadhaa wageni wakawa wamezoea. Ndipo ikaja Septemba ya 1993. Kampuni za kuuza huduma za mtandao zilianza kuwafungulia mlango wateja wao, na kufikia Machi 1994 kampuni kubwa ya AOL nayo ikafungua. Wageni hawakuja tena kwa msimu, walikuja kila siku, kwa maelfu, na wenyeji wakazidiwa. Mmoja wao alitania kwamba Septemba 1993 ni mwezi ambao haukuisha. Mzaha huo unatajwa hadi leo.

Mimi naona somo kubwa zaidi la historia hii limo hapa. Kanuni za Usenet hazikufa kwa kuwa mbaya. Zilibaki zile zile, maneno yale yale. Kilichokwisha ni uwiano wa wanaofundisha na wanaofundishwa. Adabu haikai kwenye karatasi, inakaa kwa watu waliokutangulia wenye muda wa kukuambia taratibu, "Hapa kwetu hatufanyi hivyo." Wakizidiwa au wakichoka, karatasi inabaki karatasi.

Aprili 1994 mambo yakafika pabaya. Wanasheria wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo moja kwenye vijiwe zaidi ya 5,000 vya Usenet kwa mkupuo. Ulikuwa unasoma mambo ya hesabu, unakuta tangazo. Unahamia kwenye muziki, unakuta tangazo lile lile. Na lilitangaza nini? Bahati nasibu ya green card! Wasomaji wa Dar, Nairobi na Kampala watatabasamu hapa, maana kwa miaka mingi tumeyaona matangazo ya aina hiyo kwenye kuta za vibanda vya intaneti. Wanandoa wale walitoza ada kwa kazi ambayo mwombaji angeweza kuifanya mwenyewe kwa kutuma barua. Watu wa Usenet waliwajibu kwa mafuriko ya barua za hasira mpaka kompyuta za kampuni iliyowapa huduma zikalemewa. Hawakuomba radhi, wakaandika na kitabu cha kuwafundisha wengine namna ya kutajirika hivyo. Mwaka 1997 Canter alinyang'anywa leseni ya uwakili katika jimbo la Tennessee, na matangazo yale yalikuwa miongoni mwa sababu.

Nimesema adabu hutegemea wenyeji, lakini haki itendeke: adabu ina mpaka. Inafanya kazi kwa mtu anayejali majirani watamfikiriaje. Asiyejali hafundishiki kwa waraka.

Hata hivyo waraka uliandikwa. Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, kwa niaba ya kikundi cha wahandisi wa intaneti, alitoa waraka unaojulikana kama RFC 1855. Unaanza kwa kueleza ulivyozaliwa: zamani watumiaji walikuwa wamekua pamoja na mtandao, sasa wanaingia wengi wasioujua utamaduni wake. Haukuwa sheria. Haukuwa hata kiwango rasmi cha kiufundi, ulitolewa kama taarifa tu, mtu yeyote auchukue na kuubadilisha alingane na kwao.

Nimeusoma mara kadhaa na kila mara nacheka, kwa sababu unanisema mimi na ninyi. Unasema herufi kubwa ni sawa na kupiga kelele. Unasema usiandike kwenye barua pepe jambo usiloweza kuliandika kwenye postikadi. Ukiwa na hasira lala kwanza, ujibu kesho. Usisambaze barua za mnyororo, zile za "tuma kwa watu kumi upate baraka". Mkitofautiana wawili, tokeni nje mkamalizane faraghani, msiwagombanishe wote. Kumbuka kwamba anayesoma ana lugha yake, utamaduni wake na vichekesho vyake. Na ukijiunga na orodha mpya, kaa usikilize mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kusema lolote. Kwetu hiyo inaitwa kupiga hodi. Mtu wa pwani hawezi kulifikia baraza la wazee na kuanza kubishana kabla hajatoa salamu, akaketi, akajua mazungumzo yamefika wapi.

Lakini si kila kitu humo kinatufaa. Waraka unataka watu wasitume majibu yasiyoongeza kitu, wasijibu jibu kwa jibu tupu. Kwa wahandisi wa mwaka 1995 hilo lilikuwa na maana, kwa sababu laini zilikuwa nyembamba na kila ujumbe ulikula nafasi kwenye mashine ya mtu. Uwiano huo hata leo tunaujua, muulize yeyote ambaye bando lake limekatwa na video ya dakika saba. Sasa jaribu kuipeleka kanuni hiyo kwenye grupu la ukoo siku ya msiba. Watu sabini wanaandika "poleni sana", mmoja baada ya mwingine. Kwa mhandisi hizo ni barua sabini zisizo na habari. Kwa mfiwa, habari ni ile ya mtu ambaye hakuandika. Yule shangazi atakumbuka mwaka mzima nani alinyamaza. Ndiyo maana kanuni za kunakili hazidumu. Wale wa 1975 hawakunakili za mtu, waliangalia wanagombana kwa nini, wakaandika kuhusu hilo.

Sasa tuje nyumbani, maana swali la mamlaka bado halijajibiwa. Mwaka 2006 ulianzishwa mtandao wa JamboForums, baadaye ukaitwa JamiiForums, na kwa Watanzania wengi ndiko walikojifunza kubishana na mtu wasiyemjua jina. Kelele zilikuwepo, matusi yalikuwepo, hoja nzito pia zilikuwepo, na wasimamizi walikuwa na kanuni zao. Kisha sheria zikaja kutoka juu. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: blogu na majukwaa yasajiliwe kwa ada ambazo ukijumlisha ya maombi, ya leseni na ya kila mwaka zilifika shilingi milioni 2.1. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni maudhui yanayosababisha kero. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums ilijifungia kwa muda. Kenya nako, kuelekea uchaguzi wa Agosti 2017, mamlaka zilitoa miongozo iliyowabebesha wasimamizi wa majukwaa ya kijamii wajibu wa kudhibiti yanayosemwa humo.

Linganisha, ndugu msomaji. Neno ni moja, kero. Waraka wa 1995 ukikuta umekereka unakushauri ulale, kisha umwandikie mwenzako pembeni. Kanuni za 2018 zilikuwa zikikuta umemkera mtu zinakuonyesha mlango wa mahakama. Sisemi sheria haina kazi. Anayetishia kuua, anayeibia watu, anayechochea damu imwagike, huyo si wa kulazwa mpaka kesho, na akina Canter wametuonyesha kwamba wapo wasioaibika. Lakini kero ni jambo la majirani. Ukilipeleka polisi, anayeamua kilichokera anakuwa yule mwenye nguvu, na mwenye nguvu hukerwa haraka sana na maswali. Sisi tunaoishi kwa kuuliza maswali tunalijua hilo vizuri.

Kampuni nazo zimejaza pengo kwa njia yao. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote cha kupeleka ujumbe mbele kwa watu au magrupu matano kwa mara moja, baada ya uvumi kusababisha maafa India. Pengine imesaidia. Lakini uamuzi ulifanyika mbali, na hakuna shangazi aliyeulizwa.

Kwa hiyo nani kampa admini mamlaka? Stefferud hakuchaguliwa kwa kura. Alipewa nafasi na watu waliotaka mazungumzo yaendelee, akaishika kwa sababu alifanya kazi ambayo wengine hawakutaka kuifanya. Von Rospach hakuwa na cheo. Hambridge aliandika waraka ambao mtu yeyote aliruhusiwa kuupuuza. Mamlaka yao yote yalitokana na kukubaliwa na wanaozungumza, basi. Admini anayebandika kanuni kumi na mbili usiku wa manane akiwa amekasirika hana hayo. Anayeuliza kwanza, "Jamani, nini kinatukera humu?", akaandika matatu yaliyotajwa na wengi na kumweleza kila mgeni kwa upole anapoingia, huyo anayo.

Grupu letu la chuo limevunjika mara mbili, na juzi limefunguliwa la tatu. Safari hii limeanza bila kanuni yoyote, watu wanataniana tu na kutumiana picha za zamani. Nimependekeza tuziandike sasa hivi, kabla ya kampeni za uchaguzi, wakati bado tunapendana. Mpaka naandika haya wamejibu wanne, na watatu kati yao wameandika "haya".